Mshangao wa Mtoto ni Mali ya Taifa



Mtu mzima anapotaka kupima umbali aliotembea katika elimu, aghalabu huhesabu madarasa aliyopita, mitihani aliyoshinda na vyeti alivyotunukiwa. Ni nadra sana kuhesabu ile saa moja ya utotoni aliposimama kimya mbele ya kitu asichokijua, moyo ukimdunda, asiweze kuondoka. Hata hivyo, wapo watu wengi ambao elimu yao ilianzia katika saa kama hiyo. Mazungumzo haya yanahusu saa hiyo, na wajibu wa wakubwa kuilinda.

Yupo mzee mmoja wa Kisarawe, mstaafu wa kazi ya upimaji ardhi, ambaye mwaka 1974 alikuwa mtoto wa darasa la nne. Shule yao ya kijijini iliazima lori, na watoto wapatao arobaini wakapakiwa nyuma, kila mmoja na mihogo yake ya kuchemsha imefungwa katika jani la mgomba, wakapelekwa Dar es Salaam kutazama Makumbusho ya Taifa. Wengi wao walikuwa hawajapata kuiona bahari. Mtoto huyo alikuwa na hofu yake ya siri. Jioni ya kuamkia safari bibi yake alimwambia kwamba wanaokumbukwa ni wafu. Basi yeye akaelewa kwamba makumbusho ni makaburi, na njia nzima alikuwa akijiuliza kwa nini mwalimu awapeleke watoto makaburini bila ya msiba.

Walipoingia ndani hakuona kaburi. Aliona sarafu ndogo za shaba zilizofuliwa Kilwa Kisiwani karne nyingi kabla ya Mreno kufika, na vigae vya vyombo vya Kichina vilivyookotwa katika magofu ya pwani. Aliona ngoma, mikuki na vinyago. Vitu hivyo alivitazama upesi upesi kama watoto watazamavyo vitu vya dukani, kwa kuwa ngoma na mikuki hata kwao ilikuwako. Kisha mstari ukasimama mbele ya fuvu.

Mwalimu alisema kwamba huyo aliishi Olduvai, katika nchi hii hii, miaka milioni moja na robo tatu iliyopita. Mtoto huyo wakati huo alijua hesabu za shilingi na senti, na hesabu kubwa kuliko zote aliyowahi kuifanya ilikuwa ya magunia ya korosho. Idadi aliyoitaja mwalimu haikupata mahali pa kukaa kichwani mwake. Alichokielewa ni jambo moja tu: kwamba huyo aliyekuwa mbele yake ni mkubwa, mkubwa kuliko bibi, mkubwa kuliko mzee yeyote wa kijiji. Na mtoto aliyelelewa vema akikutana na mkubwa anajua la kufanya. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo."

Marahaba haikuja. Kilichokuja ni kicheko cha watoto wenzake thelathini na tisa, na mkono wa mwalimu uliomshika bega kumsogeza mbele. Hapo ndipo mhudumu wa makumbusho, mzee aliyevaa kaki na kusimama pembeni muda wote bila kusema neno, alipoingilia kati. Akawaambia watoto wasimcheke, maana wao wote wamepita bila ya kuamkia. Kisha akamwinamia yule mtoto akamwuliza amemwonaje huyo mzee. Mtoto akajibu kwamba meno yake ni makubwa mno, halafu, kwa kuwa sasa amepata wa kumsikiliza, akauliza: "Alikuwa akila nini?"

Mhudumu alitafakari, akasema kwamba hilo ndilo wanalojiuliza wataalamu wenyewe.

Ndugu walimu, yafaa kulichungua jambo hili kwa makini, kwani ndani yake mna mafunzo mengi kuliko yaonekanayo. Je, mtoto yule alikosea kumwamkia? Na je, mhudumu alisema kweli, au alikuwa akimbembeleza mtoto tu?

Historia ya fuvu hilo inajulikana. Tarehe 17 Julai, 1959, Mary Leakey alikuwa akitembea peke yake katika Bonde la Olduvai, mumewe Louis akiwa amelala kambini kwa homa, alipoona mfupa umechomoza katika udongo. Mfupa huo ulikuwa sehemu ya fuvu lililovunjikavunjika, na vipande vyake kwa mamia vilikusanywa na kuunganishwa kimoja kimoja. Jina walilolipa, Zinjanthropus, lilitokana na jina la kale ambalo Waarabu waliliita eneo hili la Afrika Mashariki, Zinj, ambalo limo pia ndani ya jina la Zanzibar. Mwaka 1961 wataalamu wa kupima umri wa mawe kwa njia ya madini ya potasiamu walitangaza kwamba udongo uliolifunika fuvu hilo ulikuwa na umri wa miaka ipatayo 1,750,000. Wakati huo wengi hawakudhani kwamba viumbe wa jamii ya binadamu wameishi duniani muda mrefu kiasi hicho, na wengine walikuwa wakitafuta asili ya mwanadamu katika mabara mengine. Fuvu la Olduvai lilisaidia kuyageuza macho ya ulimwengu kuelekea Afrika.

Uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba Zinjanthropus, ambaye leo wataalamu humweka katika kundi la Paranthropus, si babu mzaa wa binadamu wa sasa. Mwaka 1964 kilitangazwa kiumbe mwingine kutoka bonde hilo hilo, aliyepewa jina la Homo habilis, ambaye huhesabiwa kuwa karibu zaidi na mstari wa binadamu. Zinjanthropus ni wa tawi la pembeni lililokauka bila ya kuacha uzao. Kwa lugha ya nyumbani, yeye ni ndugu ya babu aliyekufa bila mtoto. Lakini ni mila gani ya Kiafrika isemayo kwamba ndugu ya babu haamkiwi? Mtoto wa Kisarawe hakukosea. Aliutambua ukoo kabla ya kuufahamu mti wake.

Na mhudumu naye alisema kweli. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba magego yale makubwa na taya lile nene vilikuwa vya kuvunjia kokwa na karanga ngumu. Ilipofika mwaka 2011 ndipo uchunguzi wa kikemia wa meno ya viumbe wa aina hiyo ulipoonyesha kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa mimea ya jamii ya nyasi na matete. Maana yake ni kwamba swali aliloliuliza mtoto wa darasa la nne mwaka 1974, huku wenzake wakimcheka, lilikuwa bado likiwashughulisha mabingwa wa dunia miaka thelathini na saba baadaye. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hapa kuuliza kulikuwa ndiyo elimu yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba huyo ni mtoto mmoja, na kwamba mshangao wa mtoto hupita kama mvua za vuli. Hebu litazamwe jambo lingine lililokwisha kuandikwa katika historia. Louis Leakey huyo huyo alizaliwa mwaka 1903 huko Kabete, Kenya, akakua na watoto wa Wakikuyu akiisema lugha yao. Akiwa mvulana alipata kitabu cha watoto kutoka Uingereza kilichoeleza habari za watu wa kale na zana zao za mawe. Akaanza kuokota mawe meusi yanayong'aa kama kioo. Nairobi kulikuwa na makumbusho ndogo, na mtunzaji wake wa kwanza, Arthur Loveridge, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1914, alikuwa rafiki wa mvulana huyo. Alipoonyeshwa mawe hayo Loveridge hakucheka. Aliyachunguza, akasema baadhi yake ni zana kweli zilizochongwa na mikono ya watu wa kale, akamtia moyo aendelee kukusanya. Mvulana huyo ndiye ambaye baadaye alitumia miongo mingi ya maisha yake akichimba katika ardhi ya Tanganyika na Kenya.

Ndugu wazazi, mtoto wa Kabete na mtoto wa Kisarawe walikuwa na mshangao wa namna moja. Mmoja alikuwa na kitabu, na mtunzaji wa makumbusho aliyemjua kwa jina; mwingine alikuwa na saa moja tu, kisha lori likamrudisha kijijini. Tofauti haikuwa katika akili za watoto bali katika milango waliyofunguliwa. Na ukoloni, pamoja na maovu yake mengine, ulikuwa ni utaratibu wa kugawa milango hiyo: kwa wachache iwe wazi, kwa walio wengi ifungwe.

Hata jengo la Makumbusho ya Dar es Salaam lilizaliwa katika utaratibu huo. Msingi wake wa kisheria uliwekwa mwaka 1934, likafunguliwa kwa watu mwaka 1940, likiwa limepewa jina la kumkumbuka Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Mwafrika aliyeingia humo alikuta juu ya mlango jina la mfalme wa ng'ambo, na ndani akazikuta ngoma za baba yake zimepangwa kama mali ya mwenye jina hilo. Huo nao ulikuwa mshangao, lakini ulikuwa wa kumfanya mtu ajione mdogo. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 hali hiyo ilibadilishwa. Jengo jipya liliongezwa mwaka 1963, na mwaka 1965 fuvu la Zinjanthropus, lililokuwa limehifadhiwa Nairobi, likarudishwa katika nchi lilikotoka. Kwa hiyo mtoto wa Kisarawe alipovuka kizingiti mwaka 1974 hakuwa mgeni wa mfalme. Alikuwa mwenye nyumba aliyekuja kuona vitu vya kwao. Ndiyo maana mshangao wake ulitoka na shikamoo, haukutoka na woga.

Lakini kazi hiyo haijakamilika, na anayetaka ushahidi aende Lindi. Huko kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, muda mfupi tu baada ya Vita vya Majimaji, Wajerumani walichimba hapo mifupa ya wanyama walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Inasemwa "Wajerumani walichimba", na vitabu vingi vimeandika hivyo, lakini mikono iliyochimba ilikuwa ya watu wa kusini mwa Tanganyika, na katika baadhi ya misimu walifika mamia. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyesifiwa hata na Wajerumani wenyewe kwa ustadi wake wa kuitoa mifupa ardhini bila kuivunja. Mifupa hiyo, yenye uzito wa zaidi ya tani 200, ilifungwa katika mizigo ikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mwaka 1937 mifupa ya mmoja wa wanyama hao ilisimamishwa katika makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu ukizidi mita 13. Imesimama huko hata leo, na watoto wa Berlin huletwa na walimu wao, huinua shingo, hufungua vinywa, na wengine wao bila shaka huamua papo hapo kwamba watakuwa wanasayansi.

Mshangao huo ni halali yao, na hakuna anayewaonea kijicho. Lakini mtoto wa Lindi, ambaye huenda babu wa babu yake aliubeba mfupa wa paja la mnyama yule juu ya bega lake, ameinua shingo wapi? Hoja ya kurudishwa kwa mifupa hiyo imejadiliwa mara nyingi, hata bungeni, na wataalamu wametoa sababu za kuitaka na sababu za kuihofia, hasa gharama na udhaifu wa mifupa yenyewe. Mjadala huo na uendelee. Lakini yafaa anayeujadili akumbuke kwamba kilichosafirishwa mwaka 1913 kilikuwa ni zaidi ya mawe. Ulisafirishwa pia mshangao wa vizazi vya watoto, na huo haujapata kulipiwa ushuru.

Kuna jambo la uchungu zaidi ambalo mtoto wa Kisarawe alilifundisha bila ya kujua. Yeye alipoona fuvu alimwona mtu. Katika enzi ile ile ya Tendaguru, watawala walikusanya mafuvu ya watu kutoka Afrika Mashariki ya Wajerumani, zaidi ya 1,000, wakayapeleka Ujerumani, wakayapima, wakayaandika namba, wakayapanga rafuni. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa mwaka 1900, na ukoo wake umekitafuta kichwa chake kwa miaka mingi. Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa huko Berlin kwamba kwa kupima vinasaba wamepatikana jamaa walio hai, hapa Tanzania, wa baadhi ya mafuvu hayo. Na tarehe 1 Novemba mwaka huo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mbele ya kizazi cha mashujaa wa Majimaji, akaomba msamaha. Wasomi wale waliopima mafuvu walikuwa na shahada kubwa na darubini nzuri. Walichokosa ni lile neno moja la mtoto wa darasa la nne. Elimu isiyojua kuamkia yaweza kumhesabu mtu mpaka akaacha kuwa mtu.

Ndugu walimu, kutokana na hayo yote inafaa kujiuliza ni nini kifanyike. Yapo makumbusho mengi sasa kuliko mwaka 1974. Arusha kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, yaliyofunguliwa mwaka 1977, na Makumbusho ya Elimu Viumbe ndani ya boma la zamani la Wajerumani. Songea yako Makumbusho ya Majimaji, Butiama yako ya Mwalimu Nyerere, na Dar es Salaam yenyewe ina Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Majengo yapo. Lakini majengo peke yake hayamshangazi mtoto, kama vile jiko peke yake lisivyomshibisha.

Watakuwapo wa kusema kwamba shule hazina madawati ya kutosha, na kwamba safari ya makumbusho ni anasa ya watoto wa mjini. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa, kwani mzazi anayetafuta pesa ya daftari hawezi kulaumiwa akisita kutoa nauli ya lori. Lakini dawati humpa mtoto mahali pa kukaa. Halimpi sababu ya kukaa. Mtoto aliyewahi kushangaa hurudi darasani akiwa na swali lake mwenyewe, na mwalimu yeyote anajua kwamba mtoto mmoja mwenye swali hufundishika kuliko kumi wanaosubiri kuambiwa. Kwa hiyo kamati za shule, vyama vya ushirika na halmashauri, ambao huazima magari kwa ajili ya mikutano na michezo, hawana budi kuyaazima pia kwa ajili hii.

Aidha, safari yenyewe ina adabu zake. Mwalimu aende kwanza peke yake, aone, asome, ili siku ya siku asiwe anasoma vibandiko pamoja na watoto. Achague vitu vitatu au vinne tu, awaache watoto wasimame mbele yake hadi wachoke wenyewe, badala ya kuwaswaga kama mbuzi kutoka kabati hadi kabati ili waseme wameona vyote. Na wanaotunza makumbusho wajue kwamba kazi yao haiishii katika kufuta vumbi na kulinda vioo. Mhudumu yule wa kaki hakuwa na cheo, na jina lake hakuna mwanafunzi aliyeliuliza. Lakini baada ya nusu karne mzee wa Kisarawe angali akiukumbuka uso wake, wakati wale waliomcheka amewasahau karibu wote.

Na pale ambapo lori halikupatikana kabisa, shule isikae ikingoja. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule ishikamane na maisha ya wanakijiji wanaoizunguka. Meza moja katika kona ya darasa yatosha kuwa makumbusho. Jiwe la kusagia la bibi wa mtoto huyu, jembe la zamani lililofuliwa na mhunzi wa kijiji, kigae kilichookotwa shambani, mzani wa karani wa pamba: kila kimoja kiwekwe na karatasi yenye jina la aliyekitoa, na mwenyewe aitwe siku moja aje asimulie. Watoto watagundua kwamba historia ina watu ndani yake, na kwamba baadhi ya watu hao wanapita njiani kila asubuhi. Mwacha asili ni mtumwa, nao utumwa huo huanza pale mtoto anapoaminishwa kwamba vitu vya kushangaza viko kwa wengine tu.

Mzee wa Kisarawe alipostaafu alirudi Makumbusho ya Taifa akiwa na mjukuu wake. Anasimulia kwamba yule binti mdogo alisimama mbele ya fuvu, akalitazama kwa muda, na wala hakuliamkia. Aliuliza tu, "Babu, huyu mama yake alikuwa nani?" Mzee akakiri kwamba hajui, akakaa naye kwenye benchi, wakaanza kulizungumza.

Kila mzazi na kila mwalimu ataulizwa swali la namna hiyo, kama hajaulizwa tayari. Wengi hawatakuwa na jibu, na hilo si aibu. Wajibu wao ni kukaa kwenye benchi.